Upimaji wa Sumu za Asili za Baharini katika Samakigamba: Mafunzo ya Mwaka 1987 kutoka Champerico na Kisiwa cha Prince Edward

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna upimaji wa sumu za asili za baharini katika samakigamba unavyomlinda mlaji, pamoja na mipaka ya ulinzi huo. Mjadala umejengwa juu ya matukio mawili ya mwaka 1987: vifo vilivyotokea Champerico, Guatemala, vilivyosababishwa na sumu iliyokwishajulikana lakini isiyopimwa, na ugonjwa uliotokana na kome wa Kisiwa cha Prince Edward, Kanada, mahali palipokuwa na upimaji lakini sumu yenyewe ilikuwa haijawahi kuhusishwa na samakigamba. Makala inafafanua kipimo cha panya, vipimo vya kikemia vilivyokifuata, na vipimo vinavyotambua sumu kwa kazi yake mwilini. Hoja kuu ni kwamba kila kipimo hujibu swali kililoulizwa tu. Kadiri vipimo vilivyozidi kuwa sahihi, ndivyo maswali yake yalivyozidi kuwa finyu. Kwa hiyo mfumo wa ulinzi hauna budi kuwa na jicho la pili, linaloweza kuona kisichotarajiwa. Sehemu ya mwisho inaonesha umuhimu wa hoja hiyo kwa pwani ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: samakigamba, sumu za baharini, saksitoksini, asidi ya domoiki, kipimo cha panya, usalama wa chakula

1.0 Utangulizi

Samakigamba wenye magamba mawili, kama vile chaza, kome na kombe, ni chakula cha kale cha watu wa pwani katika sehemu nyingi za dunia. Katika makala hii, neno samakigamba linatumika kwa maana ya kundi hilo. Chakula hiki kina sifa moja inayokitofautisha na vyakula vingi: kinaweza kubeba sumu ya kuua ilhali kiumbe mwenyewe ni mzima, nyama yake haijabadilika rangi, na hakuna harufu wala ladha inayomwonya mlaji. Mpishi mwenye uzoefu wa miaka mingi hana namna ya kutofautisha kome mwenye sumu na kome salama. Kuosha hakusaidii, na kuchemsha hakuiharibu sumu kwa kiasi cha kumlinda mlaji. Baadhi ya sumu hizi huyeyuka katika maji, hivyo mchuzi nao huwa na sumu.

Kumbukumbu za hatari hiyo ni za zamani. Mnamo tarehe 15 Juni 1793, mabaharia wa msafara wa George Vancouver walikula kome katika pwani ambayo leo ni ya British Columbia, Kanada. Baadhi yao walishikwa na ganzi ya midomo na viungo, na mmoja wao, John Carter, alifariki siku hiyo hiyo. Ghuba moja ya eneo hilo ina jina lake hadi leo. Katika zama hizo hapakuwa na njia ya kujua hatari isipokuwa kula na kusubiri matokeo.

Upimaji wa maabara ulibuniwa ili mwili wa mlaji usiendelee kuwa ndio kipimo. Hata hivyo, kuwapo kwa kipimo hakumaanishi kuwapo kwa usalama. Makala hii inachunguza ni nini hasa kipimo kinaweza kukijua, ni nini hakiwezi, na mfumo wa ulinzi unapaswa kuziba vipi pengo hilo.

2.0 Chanzo cha Sumu na Njia Yake Hadi kwa Mlaji

Samakigamba hawatengenezi sumu hizi wao wenyewe. Hula kwa kuchuja maji ya bahari na kunasa chembe ndogo zilizomo, ukiwamo mwani mdogo usioonekana kwa macho. Miongoni mwa maelfu ya spishi za mwani huo, chache hutengeneza sumu. Nyingi za spishi hizo ni za kundi la dinoflajelata, na nyingine ni diatomu. Hali ya joto, mwanga, virutubisho na mtulio wa maji inapozipendelea, spishi hizo huongezeka kwa haraka, na samakigamba wanaozichuja hukusanya sumu katika viungo vyao, hasa tezi ya mmeng’enyo.

Mambo matatu kuhusu mchakato huu yana uzito katika upimaji. Kwanza, rangi ya maji si dalili ya kutegemewa. Maji mekundu mara nyingine husababishwa na spishi zisizo na sumu, ilhali mwani wa jenasi ya Dinophysis unaweza kuwafanya kome wasifae kuliwa ukiwa na seli mia chache tu katika lita moja ya maji, kiasi ambacho hakiwezi kubadilisha rangi ya bahari. Pili, samakigamba hutofautiana katika kasi ya kukusanya na kutoa sumu. Kome wengi hujisafisha ndani ya wiki kadhaa baada ya mwani kutoweka, lakini Saxidomus gigantea, samakigamba wa pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini ambaye jina lake ndilo chimbuko la neno saksitoksini, anaweza kubaki na sumu kwa muda wa hadi miaka miwili. Tatu, mwani wa aina moja huweza kutoa sumu kadhaa zenye undugu wa kikemia lakini zenye ukali tofauti, na mwili wa samakigamba huweza kuibadilisha sumu moja kuwa nyingine.

Jedwali Na. 1 linaonesha makundi manne yanayodhibitiwa katika nchi nyingi, pamoja na viwango vya juu vilivyowekwa na Tume ya Kodeksi ya Chakula katika kiwango chake cha samakigamba cha mwaka 2008.

Jedwali Na. 1: Makundi makuu ya sumu za samakigamba

| Kundi la sumu | Mwani unaoitengeneza | Madhara makuu kwa mlaji | Kiwango cha juu kwa kilo moja ya nyama |
|---|---|---|---|
| Saksitoksini | Alexandrium, Gymnodinium catenatum, Pyrodinium bahamense | Ganzi, kupooza, kushindwa kupumua | Miligramu 0.8 |
| Asidi ya domoiki | Pseudo-nitzschia | Kutapika, kuchanganyikiwa, kupoteza kumbukumbu | Miligramu 20 |
| Asidi ya okadaiki | Dinophysis, Prorocentrum | Kuhara, kutapika, maumivu ya tumbo | Miligramu 0.16 |
| Azaspirasidi | Azadinium | Kuhara, kutapika, maumivu ya tumbo | Miligramu 0.16 |

Jedwali linaonesha kuwa viwango vinatofautiana sana. Kipimo kinachofaa kwa asidi ya domoiki kinaweza kukosa wepesi unaohitajika kwa asidi ya okadaiki, ambayo kiwango chake ni mara 125 chini zaidi. Tofauti hiyo ni sababu mojawapo ya kukosekana kwa kipimo kimoja kinachotosheleza sumu zote.

3.0 Kipimo cha Panya

Mwezi Julai 1927, watu 102 waliugua katika eneo la San Francisco, Marekani, baada ya kula kome, na 6 kati yao walifariki. Tukio hilo lilianzisha utafiti wa Hermann Sommer na Karl F. Meyer, ambao mwaka 1937 ulihusisha sumu ya kome na dinoflajelata anayejulikana leo kama Alexandrium catenella. Watafiti hao walibuni pia njia ya kupima kwa kutumia panya weupe wa maabara, njia ambayo baada ya marekebisho ilikuwa kipimo rasmi katika nchi nyingi kwa zaidi ya nusu karne.

Utaratibu wake ni rahisi kuelezeka. Gramu 100 za nyama iliyosagwa huchanganywa na asidi hafifu ya hidrokloriki na kuchemshwa kwa dakika tano. Mchanganyiko ukishapoa na uasidi wake kurekebishwa, maji yaliyochujika huchukuliwa, na mililita moja hudungwa ndani ya uwazi wa tumbo la panya mwenye uzito wa takriban gramu 20. Mtaalamu hupima muda kutoka kudungwa hadi kufa. Kizio cha panya ni kiasi cha sumu kinachomuua panya wa uzito huo kwa muda wa dakika 15. Muda wa kufa hugeuzwa kuwa idadi ya vizio kwa kutumia jedwali maalumu, na vizio hugeuzwa kuwa mikrogramu za saksitoksini baada ya kipimo kusawazishwa kwa sumu safi yenye kiasi kinachojulikana.

Kipimo hiki kina kasoro zinazofahamika. Panya mmoja hutofautiana na mwingine, chumvi nyingi katika sampuli hupunguza ukali unaoonekana, na kikomo cha utambuzi kiko karibu na mikrogramu 400 kwa kilo, yaani nusu ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Kwa sababu hiyo kipimo hakioni sumu inapoanza kupanda kutoka kiwango cha chini. Aidha, kuua wanyama wengi kwa kazi ya kila siku kumepingwa kwa hoja za kimaadili zenye uzito.

Pamoja na kasoro hizo, kipimo hiki kina sifa moja iliyochelewa kuthaminiwa. Mtaalamu haulizi kama saksitoksini imo, bali anauliza kama kitu chochote kilichomo katika sampuli kinaweza kumdhuru kiumbe hai. Matukio mawili ya mwaka 1987 yanadhihirisha thamani ya swali hilo, na pia gharama ya kutokuuliza swali lolote.

4.0 Champerico: Sumu Inayojulikana, Upimaji Usiokuwapo

Kati ya Julai na Agosti 1987, wakazi wa Champerico, katika pwani ya Pasifiki ya Guatemala, walikula supu ya samakigamba waliokusanywa ufukweni. Watu 187 waliugua na 26 walifariki. Watoto wadogo waliougua walikufa kwa uwiano mkubwa zaidi kuliko watu wazima. Mwani uliohusishwa na tukio hilo ni Pyrodinium bahamense, dinoflajelata wa maji ya joto ambaye tayari alikuwa amesababisha maafa katika nchi za tropiki, zikiwamo za Asia ya Kusini-Mashariki.

Kisayansi, tukio hili halikuwa na fumbo. Sumu ilikuwa ya kundi la saksitoksini. Uhusiano wake na dinoflajelata ulikuwa umethibitishwa miaka 50 kabla, na kipimo cha kuitambua hakikuhitaji mtambo wowote wa gharama. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuchukua sampuli kutoka katika ufukwe ule, kuzipima, na kuwaonya walaji kabla hawajapika. Supu, ambayo hukusanya sumu iliyoyeyuka kutoka katika nyama, ilikuwa chakula cha familia nzima, na mwili mdogo wa mtoto huhitaji kiasi kidogo zaidi cha sumu ili ushindwe kupumua.

Saksitoksini huziba njia za sodiamu katika seli za neva, hivyo ishara za neva haziwezi kupita. Hakuna dawa ya kuiondoa. Mgonjwa anayesaidiwa kupumua kwa mashine kwa saa za mwanzo huwa na nafasi nzuri ya kupona kabisa, kwa kuwa mwili huitoa sumu hiyo wenyewe. Mahali pasipo na mashine hizo karibu, kinga pekee iliyo ya uhakika ni kuzuia sumu isifike katika sahani. Hapo ndipo upimaji unapokuwa suala la uhai.

5.0 Kisiwa cha Prince Edward: Upimaji Uliokuwapo, Sumu Isiyotarajiwa

Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba mwaka huo huo, watu nchini Kanada walianza kufika hospitalini wakitapika, wakiharisha na kulalamika maumivu makali ya kichwa. Baadhi yao walichanganyikiwa na kushindwa kukumbuka mambo ya karibuni. Jumla ya wagonjwa 107 walitimiza vigezo vya ugonjwa huo, na watu 3 walifariki. Baadhi ya walionusurika walibaki na upungufu wa kumbukumbu wa muda mrefu. Wote walikuwa wamekula kome waliofugwa katika Kisiwa cha Prince Edward.

Kanada haikuwa Champerico. Ufuatiliaji wa sumu za samakigamba ulikuwa ukifanyika katika pwani yake ya Atlantiki tangu miaka ya 1940, na maabara zilikuwa na ujuzi wa kutosha. Hata hivyo, dalili za wagonjwa hazikufanana na za saksitoksini. Kome walipopimwa kwa njia ya panya, panya walikufa, lakini kwa namna isiyo ya kawaida. Badala ya kupooza na kukosa pumzi, walijikuna bega kwa mguu wa nyuma bila kukoma, wakatetemeka kwa degedege, na muda wa kufa ulikuwa mrefu kuliko unaotarajiwa.

Kujikuna huko ndiko kulikowafungulia watafiti njia. Timu iliyoongozwa kutoka katika maabara ya Baraza la Taifa la Utafiti huko Halifax ilitenganisha maji ya kome katika visehemu kwa kufuata tabia za kikemia, kisha kila kisehemu kikadungwa kwa panya. Kisehemu kilichosababisha kujikuna kilitenganishwa tena, na tena, hadi ikabaki dutu moja. Ndani ya muda wa takriban siku tano, katikati ya Desemba 1987, dutu hiyo ilitambuliwa kuwa asidi ya domoiki.

Utambuzi huo ulishangaza, kwa kuwa kemikali yenyewe haikuwa ngeni. Wakemia wa Japani waliitenga kutoka katika mwani mwekundu Chondria armata, na ilitumika huko kwa dozi ndogo kama dawa ya minyoo. Hakuna aliyeitarajia ndani ya kome. Chanzo chake kilikuwa diatomu wa jenasi inayoitwa leo Pseudo-nitzschia, ambaye wakati huo alikuwa ameenea katika mito na ghuba za Cardigan kisiwani humo. Hadi wakati huo diatomu hawakuwa wakihesabiwa miongoni mwa mwani wenye sumu inayomfikia mlaji. Katika ubongo, asidi ya domoiki hujifanya kuwa glutameti, kemikali inayosisimua seli za neva. Hushikilia vipokezi vyake hadi seli zinasisimuliwa kupita kiasi na kufa, hasa katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu.

Funzo la kimbinu ni hili. Lau maabara zingekuwa na kipimo cha kikemia cha saksitoksini pekee, jibu lingekuwa kwamba saksitoksini haimo, na jibu hilo lingekuwa sahihi kabisa. Kome wangeweza kutangazwa kuwa salama. Panya, kipimo kisicho na usahihi wa namba, alitoa ishara kwa sababu hakuwa amefundishwa nini cha kutafuta. Baada ya tukio hilo Kanada iliweka kiwango cha juu cha miligramu 20 kwa kilo, na kiwango hicho kilikubaliwa baadaye katika nchi nyingine. Mwaka 1991 sumu hiyo hiyo iliua ndege wa baharini katika Ghuba ya Monterey, California, kupitia samaki wadogo waliokuwa wamekula Pseudo-nitzschia. Safari hiyo jina lake lilikuwa tayari katika orodha ya vitu vya kutafutwa.

6.0 Azaspirasidi: Fumbo Linajirudia

Tukio la Kanada lingeweza kuchukuliwa kuwa la pekee, kama si yaliyotokea mwaka 1995. Watu wasiopungua 8 nchini Uholanzi waliugua baada ya kula kome waliovunwa Killary Harbour, magharibi mwa Ireland. Walihara na kutapika kama walioathiriwa na asidi ya okadaiki, lakini uchunguzi wa kikemia ulionesha kuwa kiasi cha asidi hiyo kilikuwa kidogo mno kuweza kuwa sababu. Panya waliodungwa walionesha kupooza kunakoendelea polepole, dalili isiyolingana na asidi ya okadaiki. Mwaka 1998 sumu mpya ilielezwa na kupewa jina la azaspirasidi. Spishi ya kwanza iliyothibitishwa kuitengeneza, Azadinium spinosum, dinoflajelata mdogo sana, ilielezwa mwaka 2009 tu.

Katika matukio haya mawili, mlolongo ni mmoja: watu waliugua kwanza, kipimo cha kikemia kilichokuwapo hakikueleza ugonjwa, panya alionesha dalili ngeni, na kemia ikafuata nyuma kwa kutoa jina. Hakuna tukio hata moja kati ya hayo ambalo mlaji alilindwa kabla. Hata kipimo kilicho wazi kwa kila sumu hakina faida kisipotumika mapema, au dalili zake zisizo za kawaida zisipotiliwa maanani.

7.0 Kutoka kwa Panya Hadi Kemia

Nchi nyingi zimekwishaachana na kipimo cha panya. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2011 ilifanya kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi kuwa njia rejea kwa sumu zinazoyeyuka katika mafuta, ikiwamo asidi ya okadaiki na azaspirasidi, na kipimo cha panya kikaruhusiwa kwa muda wa mpito hadi mwisho wa mwaka 2014. Kwa saksitoksini, njia ya kikemia ilichukua nafasi ya panya kama njia rejea tangu Januari 2019.

Katika kromatografia ya kimiminika, sampuli iliyosafishwa husukumwa kwa shinikizo kupitia mrija uliojazwa chembe ndogo. Kila kemikali hupita kwa mwendo wake, hivyo hutoka kwa wakati wake. Spektrometa ya masi hupima uzito wa molekuli inayotoka na wa vipande vyake inapovunjwa, na hivyo kuitofautisha na nyinginezo. Faida zake ni kubwa: sumu huonekana ikiwa bado chini sana ya kiwango cha juu, hivyo mamlaka huona kupanda kwake na kuchukua hatua mapema. Kwa kuwa kila sumu ya kundi moja ina ukali wake, kiasi cha kila moja huzidishwa kwa kigezo cha ukali na kujumlishwa ili kupata thamani moja inayolinganishwa na kiwango cha juu.

Hata hivyo, mtambo huu unatafuta molekuli zilizoorodheshwa. Unahitaji kemikali rejea iliyo safi kwa kila sumu, na vigezo vya ukali vilivyokubaliwa. Molekuli isiyo katika orodha hupita bila kuhesabiwa, hata ikiwa imo kwa wingi. Hivyo usahihi umepatikana kwa kulibana swali.

Vipo vipimo vya kati. Vipimo vya kingamwili, vikiwamo vijiti vinavyotoa jibu kwa dakika chache, hutumika kuchuja sampuli kando ya bahari. Udhaifu wake ni kwamba kingamwili hushika baadhi ya sumu za kundi vizuri kuliko nyingine, hivyo mseto wa sumu unaotofautiana na uliotarajiwa huweza kupimwa chini ya uhalisia. Kundi jingine ni vipimo vya kazi, ambavyo humtoa panya lakini hubakiza swali lake. Katika kipimo cha kushikamana na kipokezi, sumu ya sampuli hushindana na saksitoksini yenye alama ya mnunurisho kushika vipokezi vya neva, na kadiri sumu inavyokuwa nyingi ndivyo alama inavyopungua. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki limesaidia kueneza njia hiyo katika nchi zinazoendelea, Ufilipino ikiwa mfano mmojawapo. Vilevile seli za neva zinazokuzwa maabara hutumika kuona kama kuna kitu kinachovuruga njia za sodiamu, hata kama jina lake halijulikani bado.

8.0 Sampuli na Uamuzi

Jibu la maabara halizidi ubora wa sampuli iliyopimwa. Kome wa kamba moja huweza kutofautiana kwa kiasi kikubwa, na ghuba moja huweza kuwa salama upande mmoja na hatari upande mwingine. Kwa hiyo sampuli huchanganywa kutoka kwa samakigamba wengi, huchukuliwa katika vituo vilivyochaguliwa kwa kuzingatia mikondo ya maji, na mara kwa mara zaidi katika misimu ya hatari. Kome hutumika kama walinzi wa mstari wa mbele kwa sababu hukusanya sumu haraka kuliko samakigamba wengine wengi.

Hesabu ya mwani katika maji kwa kutumia hadubini hutangulia upimaji wa nyama. Haitoi jibu la usalama, lakini hueleza sumu ipi itafutwe na wapi. Zaidi ya hayo, mtaalamu wa hadubini anaweza kuona spishi asiyoizoea. Kwa maana hiyo hadubini hufanya sehemu ya kazi aliyokuwa akiifanya panya, yaani kuona jambo ambalo halikuulizwa.

Matokeo yakizidi kiwango, eneo hufungwa. Katika Umoja wa Ulaya, eneo hufunguliwa tena baada ya angalau matokeo mawili mfululizo yaliyo chini ya kiwango, yaliyotenganishwa kwa muda usiopungua saa 48. Sharti hilo linatokana na ukweli kwamba tokeo moja zuri huweza kuwa bahati ya sampuli. California imeongeza njia nyingine: katazo la kila mwaka la kuvuna kome kwa matumizi ya michezo na nyumbani, kwa kawaida kuanzia Mei 1 hadi Oktoba 31, bila kusubiri tokeo la maabara. Katazo la msimu ni chombo butu, lakini ni rahisi kueleweka na humfikia mtu anayejivunia mwenyewe, ambaye samakigamba wake hawapiti sokoni wala maabara.

9.0 Umuhimu kwa Pwani ya Afrika Mashariki

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ukusanyaji wa chaza, kombe na tondo maji yanapokupwa ni kazi inayofanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake na watoto, na sehemu kubwa ya mavuno huliwa nyumbani au huuzwa jirani. Njia ya chakula hicho inafanana zaidi na ya Champerico kuliko ya Kisiwa cha Prince Edward: ni fupi, haina kituo cha ukaguzi, na huishia katika chungu cha familia. Mfumo ulionakiliwa kutoka katika biashara ya kuuza nje ungewalinda walaji wa mbali na kuwaacha wakusanyaji wenyewe.

Kwamba sumu za baharini ni suala la kweli katika eneo hili limedhihirishwa na chakula kingine. Mwezi Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki Kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa, na vifo vya namna hiyo vilikuwa vimetokea Pemba mwaka 2021 pia. Kasa si samakigamba, na tukio lake halipaswi kuchanganywa na yaliyojadiliwa hapo juu. Lakini mazingira yanafanana: sumu isiyoonekana, isiyoondolewa kwa kupika, isiyo na dawa ya kuiondoa, na inayowaua zaidi watoto.

Kutokana na mafunzo ya mwaka 1987, hatua zinaweza kupangwa kwa kufuata uzito wake badala ya gharama ya mitambo. Hatua ya kwanza ni taarifa ya hospitali na zahanati: mhudumu wa afya anayepokea wagonjwa wenye ganzi ya midomo, kupooza au kuchanganyikiwa aulize walichokula, atoe taarifa siku hiyo hiyo, na mabaki ya chakula yahifadhiwe. Ya pili ni hadubini na watu waliofunzwa kuitumia katika vituo vichache vya kudumu. Ya tatu ni vipimo vya kuchuja na vya kazi kwa sampuli kutoka maeneo ya ukusanyaji. Ya nne ni maabara ya kikemia ya kuthibitisha, ambayo inaweza kutumiwa na zaidi ya nchi moja. Onyo linapotolewa, lifike ufukweni kabla ya maji kupwa, kwa njia ambazo wakusanyaji wanazitumia tayari.

10.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza upimaji wa sumu za asili za baharini kwa kulinganisha matukio mawili ya mwaka mmoja. Champerico ilionesha kuwa maarifa yasiyogeuzwa kuwa utaratibu hayaokoi mtu. Kisiwa cha Prince Edward kilionesha kuwa utaratibu uliojengwa juu ya sumu moja huweza kupitwa na sumu nyingine, na kwamba dalili ngeni ikitiliwa maanani, fumbo huweza kufumbuliwa kwa siku chache. Killary Harbour ilithibitisha kwamba hali hiyo hujirudia.

Kuondoka kwa kipimo cha panya ni hatua sahihi kisayansi na kimaadili. Pengo lililoachwa nacho, hata hivyo, halizibwi na mtambo sahihi zaidi wa kutafuta sumu zile zile. Huzibwa na hadubini inayotazama maji, vipimo vinavyouliza juu ya kazi ya sumu badala ya jina lake, na mhudumu wa afya anayeuliza mgonjwa alikula nini. Mamlaka inayotangaza kwamba samakigamba wa eneo fulani ni salama inapaswa pia kuweza kusema ni swali gani liliulizwa kabla ya jibu hilo kutolewa.